Kumi na Mbili Nukta Moja

Kila siku nikitoka shule nilifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule: nilivua sare, nikala nilichowekewa mezani, kisha nikavuka uwanja kwenda gereji ya shangazi. Mama aliniuliza kama nimemaliza kazi za shule, nami nilimjibu nikiwa tayari mlangoni kwamba nitazimalizia hukohuko. Na kweli nilizimalizia, kwa sababu shangazi hakuniruhusu kugusa kitu chochote kabla hajaliona daftari langu la hesabu.

Shangazi yangu ni fundi umeme wa magari. Gari likigoma kuwaka, taa zikififia, betri ikifa kila asubuhi, watu humletea yeye, wengine kutoka mbali. Wamempa jina la Cheche, na jina limemkaa vizuri. Ni mwembamba, mwepesi, anaongea haraka. Lakini akifungua boneti, ile haraka yote huisha. Kwanza anavua pete na saa. Kisha anakifunga kilemba vizuri ili ncha isining'inie karibu na mkanda wa injini. Halafu anauliza maswali. Linagoma asubuhi au mchana? Mvua ikinyesha je? Taa ya betri kwenye dashibodi inawaka? Anaweza kuuliza robo saa nzima bila kushika spana, na mimi nilipenda sana kumsikiliza.

Jirani yetu, fundi wa injini, alikuwa anamcheka. "Cheche, wewe ni fundi au polisi? Gari halitoi ushahidi!" Yeye tulimwita Fundi Badili, maana kila ugonjwa wa gari dawa yake ilikuwa moja: badili. Betri? Badili. Stata? Badili. Alikuwa mtu mwema na mcheshi, ila magari mengine yalirudi kwake mara tatu na ugonjwa uleule.

Kazi yangu ilikuwa kusoma mita. Shangazi alikaa kwenye usukani, akakanyaga mafuta, akawasha taa na kuzima. Mimi nilisimama mbele, boneti ikiwa wazi, nikashikiza ncha mbili za mita kwenye betri, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi. Akisema "Soma!" nasoma kwa sauti, halafu naandika kwenye daftari lake. Kutoka kule alikokaa hakuweza kuiona mita. Aliniita Karani, na mimi nililipenda jina hilo kuliko jina langu la darasani.

Alhamisi moja jioni mkunga alikuja na gari lake. Lilikuwa gari kuukuu kuliko mimi, lililowahi kuwa jeupe, na mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Kwa gari hilo mkunga alikuwa anazungukia akina mama wajawazito wa barabara yote ya mlimani.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Fundi, huyu bikizee wangu amechoka. Asubuhi namwasha, anakohoa tu. Juzi majirani wamenisukuma mpaka wamenuna."

Shangazi akauliza maswali yake, kisha akakaa kwenye usukani. Injini ikanguruma. "Soma!"

"Kumi na nne nukta moja!"

"Vizuri. Sasa nawasha taa kubwa, feni na vifuta kioo." Aliwahi kunieleza kwa nini. Injini ikizunguka, alteneta ndiyo inayotengeneza umeme, na ndiyo inayoirudishia betri umeme iliotumia kuliwasha gari. Kama haina nguvu, au kuna kasoro njiani, utaijua ukiipa mzigo. "Soma!"

Nilitazama mita. Kumi na mbili nukta moja.

Nilijua hiyo ni namba mbaya. Lakini siku mbili kabla nilikuwa nimeshika ncha vibaya, nikasoma namba ya ajabu, na Fundi Badili akacheka mpaka akashika mbavu. Jioni hiyo pia alikuwa amesimama palepale, mikono mifukoni, akinitazama. Nikajiambia, mkono wangu umeteleza tena. Nilipaswa kushikiza upya na kusoma tena. Badala yake nikaikumbuka namba ya teksi tuliyoipima jana yake, nikapaza sauti.

"Kumi na tatu nukta tisa!"

"Safi sana, Karani! Basi alteneta haina neno."

Nikaiandika kwa mwandiko mzuri. Shangazi aliona vichwa vya betri vimeota unga mweupe, akavisafisha kwa msasa, akaichaji betri mpaka ikajaa, akaamini ameumaliza ugonjwa. Ijumaa asubuhi mkunga alilichukua gari lake, likawaka mara moja, akaondoka akipiga honi.

Jumamosi mvua ilianza alfajiri, na haikuwa ya mchezo. Saa tano hivi tukaona lori la mchanga likiingia polepole, nyuma yake limefunga kamba, na kwenye kamba gari la mkunga. Yeye mwenyewe alishuka ameloa, viatu mkononi.

"Limenizimikia kilimani, fundi. Taa zilififia, vifuta vikasimama, kisha kimya." Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa na hasira. "Saa kumi nina safari. Kuna mama mwenye mimba ya pacha, lazima alale hospitali kubwa leo, mtoto mmoja amekaa vibaya. Gari la wagonjwa limekwenda upande mwingine, halirudi mpaka kesho. Nina hili tu."

"Tutalitengeneza," alisema shangazi, akavua pete.

Fundi Badili alikuja mbio chini ya mwavuli. "Alteneta hiyo! Badili!"

"Alteneta tuliipima juzi ikiwa na mzigo." Shangazi akafungua daftari, akaweka kidole juu ya mwandiko wangu. "Kumi na tatu nukta tisa. Inafanya kazi na umeme unafika. Kwa hiyo kuna kitu kinanyonya umeme kimyakimya, mwingi kuliko unaorudishwa. Tutapima fyuzi moja baada ya nyingine."

Akaondoa betri iliyokufa, akafunga nyingine iliyojaa kutoka kwenye rafu, akachuchumaa chini ya dashibodi. Gari lile lilikuwa na fyuzi ishirini na kitu. Anachomoa moja, anatazama mita, anairudisha. Anachomoa nyingine. Maji ya mvua yalikuwa yanamchuruzikia shingoni kupitia tundu la bati, wala hakujifuta. Alifanya hivyo kwa uangalifu wote, mpole, bila kuruka hata moja. Nilimtazama nikaona aibu inanipanda mpaka masikioni. Fundi hodari kuliko wote niliowajua alikuwa anatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo, kwa sababu aliniamini.

Saa sita ikapita. Fyuzi ya nane, ya tisa. Mkunga alikaa kwenye benchi, akatazama saa, akaitazama tena. Nikamfikiria yule mama wa pacha, amefunga mzigo wake, anasikiliza kama gari linakuja.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria hata kusema, "Shangazi, hebu tupime alteneta tena, labda imeharibika jana." Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua. Lakini nikajua akiamini imeharibika jana, ataanza kutafuta kilichotokea jana, na hapo pia nitakuwa nimempoteza njia.

"Shangazi," nikasema. "Shangazi, ile namba si ya kweli."

Akatoa kichwa chini ya dashibodi. "Namba ipi?"

"Ya pili. Niliyosoma taa zikiwaka. Mita ilisema kumi na mbili nukta moja. Nilidhani nimeshika vibaya, nikaogopa kuchekwa. Nikataja ya teksi."

Mkunga aliniangalia moja kwa moja, nami machozi yakaanza kunitoka, si ya kudeka, ya kujuta.

Shangazi alisimama, akajifuta mikono kidole kwa kidole. Nilisubiri kofi la maneno. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Una hakika ilikuwa kumi na mbili nukta moja?"

"Nina hakika."

"Lete mita. Utalia baadaye, sasa tuna kazi."

Akawasha injini, akawasha taa na vifuta. Nikashikiza ncha mpaka vidole vikauma. Kumi na mbili nukta moja. Nikasoma kwa sauti, nikatoa ncha, nikashikiza upya. Kumi na mbili nukta moja.

"Aa! Sasa gari linaongea," alisema shangazi, na uso wake ukachangamka kabisa. Fundi Badili akasema, "Si niliwaambia? Alteneta!"

"Ngoja kwanza, kaka. Tuiulize yenyewe." Akashuka, akaja mbele, akaitoa ncha nyekundu kwenye betri na kuigusisha kwenye mgongo wa alteneta, pale unapoanzia waya mnene wa kwenda kwenye betri. "Soma, Karani."

Aliniita Karani. Nikapangusa macho ili nione vizuri. "Kumi na nne nukta mbili."

"Umesikia? Alteneta ni nzima. Umeme unatoka pale ukiwa na nguvu zake zote, lakini kwenye betri unafika umedhoofu. Umepotelea wapi?"

Nikautazama ule waya. "Njiani," nikasema.

"Njiani."

Akazima injini. Akausogezea waya mgongo wa mkono wake, polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Sehemu moja, karibu na kichwa cha waya, ilikuwa ya moto. Kwa nje haukuwa na kasoro yoyote. Ganda lake jeusi lilikuwa linang'aa. Shangazi akafungua betri kwanza, maana waya ule haushikwi kwa chuma betri ikiwa imefungwa, kisha akapasua ganda kwa kisu. Ndani yake ulimwagika unga wa kijani. Nyuzi za shaba zilikuwa zimeliwa na kutu, zimebaki chache za kuhesabika.

"Nyuzi hizi chache zinatosha kupitisha umeme kidogo," alituonyesha. "Ndiyo maana bila taa namba ilikuwa nzuri. Ukiwasha kila kitu, zinaelemewa. Gari hili lingepewa alteneta mpya leo, lingezimika kwenye kilima kilekile kesho."

Fundi Badili alikuna kichwa. "Mimi ningebadili," alikiri, kisha akacheka mwenyewe. Akaenda kwake, akarudi na kipande cha waya mnene mpya. "Haya, huu nao si ni kubadili?" Hata mkunga akacheka.

Shangazi alikata waya kwa urefu unaofaa, akaubania vichwa vipya, akavilehemu, akaupitisha mbali na bomba la moshi na kuufunga usicheze. Sijawahi kuona mikono inayofanya kazi haraka hivyo bila papara. Kila nati aliikaza, kisha akaijaribu tena. Saa nane na nusu injini iliwaka.

"Washa kila kitu, mama," alimwambia mkunga, ambaye safari hii ndiye aliyekaa kwenye usukani. Taa, feni, vifuta, hata redio.

Fundi Badili akanyoosha mkono kuchukua mita. "Nisome mimi, tuwe na uhakika."

"Hapana," shangazi alisema. "Atasoma yeye."

Nikakumbuka kwamba huko mlimani palikuwa na mama na watoto wawili wanaoisubiri namba nitakayosema. Nikashikiza ncha. Nikasoma kimya, nikazitoa, nikashikiza tena, nikazitoa, nikashikiza mara ya tatu. Hakuna aliyecheka.

"Kumi na tatu nukta nane," nikasema. "Mara zote tatu."

"Basi naondoka," alisema mkunga, akafunga mlango kwa ile kamba. Hakuuliza kama tuna hakika. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akatoka kwenye mvua taa zikiwaka sana.

Jumapili mchana simu ya shangazi ililia tukiwa tunafagia gereji. Alisikiliza, akasema "Alhamdulillahi" mara mbili, akakaa kwenye tairi. Gari lilipanda na kushuka mlima taa zikiwaka, halikukohoa hata mara moja. Wale pacha walizaliwa alfajiri kwa upasuaji, msichana na mvulana, na mama yao alikuwa mzima. Daktari alisema wangechelewa zaidi, mambo yangekuwa mengine.

Nilisimama na fagio langu. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa, nikifikiria mambo yalivyokaribia kuwa mengine.

"Njoo ukae," alisema shangazi. Nikakaa kando yake. "Sikukugombeza jana kwa kuwa hatukuwa na muda. Leo ninao muda, lakini naona umeshajigombeza vya kutosha. Nikuambie tu. Kusoma vibaya si kosa kubwa. Mimi mwenyewe nilipokuwa najifunza niliunguza waya wa gari zima. Ukisoma vibaya, tunasoma tena. Lakini ukinipa namba niipendayo badala ya namba uliyoiona, umenifunga kitambaa machoni, nami nitapapasa siku nzima nikidhani naona."

"Nisamehe, shangazi."

"Nilikusamehe jana ileile, uliposimama mbele ya watu watatu ukasema. Unajua lilikuwa jambo gumu? Nawajua mafundi wazima wasioliweza." Akanishika bega. "Alhamisi ulinipa namba nzuri, gari likazimika. Jumamosi ukanipa habari mbaya, na watoto wawili wamefika duniani. Kwa hiyo ukiona baya, niletee hilohilo baya lilivyo. Kutengeneza ni kazi yangu, na siku moja itakuwa yako."