Kichwa Kilichoitikia

Nyinyi wajukuu mna adabu za mbuzi. Mtu mzima ananyoosha mgongo baada ya kula, mnamjia na simu, mnamwekea puani: "Bibi, tuhadithie ile ya mjomba." Na taa mmewasha zote, hadi ya chooni.

Nimekataa. Mbele ya simu sisemi neno, na mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini. Nimeona afadhali niiandike, kwa mwandiko wangu huu wa kuku aliyekanyaga majivu. Pia nimechoka kusikia mnavyoisimulia wenyewe. Mnatia paka weusi, mnatia moshi. Hakukuwa na paka. Kulikuwa na mchana mweupe na nyumba iliyopigwa deki vizuri, na najua ilipigwa vizuri kwa sababu niliipiga mimi.

Ulikuwa mwaka ule wa ugonjwa. Nilikwenda kwa mjomba wenu kusalimia, nguo chache mfukoni, mara njia zikafungwa nikakwama kwake kama mfupa kooni. Yeye ni mtoto wa dada yangu, mtoto wake wa pekee. Mtaani walimwita Mkutano, maana ukimpigia, hata kama nyumba yako inaungua, jibu lake lilikuwa moja: niko mkutanoni.

Ofisi yao iliwarudisha wote nyumbani, kila mtu afanye kazi mbele ya kompyuta yake. Akageuza chumba cha wageni kuwa ofisi, mimi mgeni nikalala sebuleni. Aliweka meza, kiti cha kuzunguka na pazia jeupe nyuma yake. Juu alivaa shati la bluu na tai, chini bukta. Juu hakimu, chini golikipa. Mkewe ni mwalimu. Yeye alifundishia chumbani kwao, amekaa ukingoni mwa kitanda, anawagombeza watoto asiowaona: "Wewe unayekaanga vitunguu, zima sauti yako." Nyumba nzima ilikuwa inaongea na vioo. Hata mezani kila mtu alikuja na kioo chake, mimi nikaja na kijiko.

Siku moja nikapita na ndoo, mlango wa ofisi uko wazi. Nikaona uso wa Mkutano kwenye kioo cha kompyuta, katikati ya nyuso za wenzake. Anasikiliza, anaitikia kwa kichwa, anatabasamu kwa upande mmoja, anaitikia tena. Nikasema moyoni, mtoto wa dada amekua. Nikaingia jikoni kumwaga maji.

Mkutano alikuwa jikoni, anachovya mkate kwenye chai.

Alinicheka mpaka chai ikampalia. Kumbe alijirekodi, video fupi tu, ikifika mwisho inarudi mwanzo. Akiiweka mahali pa uso wake, wenzake wanadhani yupo.

"Mama mdogo, yule ndiye mfanyakazi," akasema. "Mimi ni shemeji yake, nakula tu."

"Na wakikuuliza jambo?"

"Anaitikia. Wakubwa hawataki kingine."

Nikamwambia kichwa kinachoitikia bila masikio, iko siku kitaitikia makubwa. Akanisogezea mkate, akaniuliza kama nataka siagi.

Halafu dada akaugua.

Walimfuata kwake watu waliovaa kama wafuga nyuki, wakampeleka hospitali. Kuingia kumwona hakuna. Ila kila alasiri nesi mmoja alimshikia simu, tukaonana naye kwa video. Sasa lazima mjue kitu kuhusu dada. Hakuogopa njaa wala hakuogopa mume, na mumewe alikuwa wa kuogopwa. Aliogopa kuwa peke yake. Tangu utoto hata chooni nilimsindikiza, nikisimama nje naimba ili ajue sijaondoka. Basi siku ya kwanza akamwambia mwanawe, neno moja kwa pumzi moja:

"Usinikatie. Nitazame. Mpaka nilale."

Mkutano akamwahidi. Nilimsikia kwa masikio yangu haya.

Simu zile zilikuwa ndefu. Mgonjwa yule pumzi aliipapasa kama mtu anayetafuta sindano gizani. Baina ya neno na neno ungemenya kitunguu. Siku za mwanzo Mkutano alikaa naye. Kisha akaanza kutazama saa. Kisha akaanza kukohoa kikohozi cha mtu mwenye haraka. Sitamsingizia, pengine alikuwa anaogopa. Si kila mtu anaweza kumtazama mama yake akizama. Lakini hakuwa ameombwa aweze. Aliombwa akae.

Alasiri ya mwisho nilikuwa uani naanua nguo. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya nyuma, ameshika simu ya mkewe, anatazama mpira uliochezwa zamani.

"Umeshaongea na mama yako?"

"Anaongea," akasema.

"Na nani?"

Akaendelea kutazama mpira.

Niliingia ndani na nguo zangu mikononi. Pale ofisini simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, imeelekezwa kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta kulikuwa na shati la bluu, tabasamu la upande mmoja, kichwa kinaitikia. Na ndani ya simu alikuwa dada yangu. Amefumbua macho kuliko siku zote tangu augue. Midomo inakwenda. Hanitazami mimi. Anakitazama kile kichwa.

Kabla sijaifikia, simu ikakatika.

Nilirudi uani nikampa Mkutano maneno yake, mengine siyaandiki kwa sababu nyinyi bado watoto. Akasema taratibu:

"Mama mdogo, anachotaka ni kuona uso. Uso anao."

Nguo zilikuwa bado na joto la jua nesi alipopiga kutuambia.

Yule nesi alikuwa mtu mwema. Aliomba aongee na mtu mzima wa nyumba, nikapewa simu. Akanipa pole, akasema marehemu alikuwa na bahati, wengi wodini waliondoka bila kumwona mtu. "Mwanawe alikuwa mtulivu sana, mama. Aliitikia kila kitu."

"Alimwuliza nini?"

"Kama amekula. Akaitikia. Kama mkewe anamtunza. Akaitikia. Baadaye maneno yakawa ya ugonjwa. Homa, mama, usiyaweke moyoni."

"Yaseme."

"Alimtazama muda mrefu. Akamwuliza: wewe si mwanangu, siyo? Akaitikia."

Nilikaa chini, juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Akamwuliza: utanipa nafasi kwako? Akaitikia. Halafu akanivuta mkono niisogeze simu mdomoni kwake. Akanong'ona. Hayo sikuyasikia, sauti haikuwepo tena. Lakini kile kichwa kiliitikia, kikaitikia, kikaitikia." Nesi akashusha sauti kama mtu aliye kanisani. "Marehemu akacheka, mama. Mtu asiye na pumzi. Sijui pumzi ya kucheka aliitoa wapi."

Tulimzika kwa simu. Wafuga nyuki wakamteremsha, sisi tumekaa sebuleni, video inakwamakwama, jeneza linakwenda, linasimama hewani, linakwenda. Mwalimu alilia. Mkutano alikuwa amevaa shati jeusi. Jioni yake nilimwona akiifuta ile video ya shati la bluu, na sikumwuliza.

Aliporudi kazini alikaa mwenyewe. Kwa heshima, nakubali. Shati jeusi, uso wake halisi, kiti chake. Mimi nilikuwa kwenye korido napiga deki, nasikia wenzake wanavyompa pole, mmoja mmoja. Kisha mwanamke mmoja akasema:

"Shikamoo, mama."

Nikadhani ameniona mlangoni. Lakini siku hiyo meza alikuwa ameigeuza, kompyuta imenipa mgongo.

"Shikamoo, mama," akasema mwingine. Na mwingine. Chumba kizima cha vioo, mtu baada ya mtu, kama watoto wa shule. Wakanyamaza kidogo. Halafu wakacheka pamoja, kicheko cha adabu, kile cha watu ambao mzee amewatania.

Humu ndani hakuna aliyekuwa amesema neno.

Mkubwa wao akakohoa. "Ndugu yetu, mama amesimama nyuma yako tangu tuanze. Mpe kiti."

Mkutano aligeuka. Pazia jeupe. Akageukia kioo, akaanza kusema, mama yangu amefariki, hakuna mtu hapa. Alisema kwa sauti kubwa, mimi nikamsikia, mwalimu chumbani kwake akamsikia. Wenzake hawakumsikia. Mkubwa akasema:

"Naona unaitikia tu. Basi mpe kiti."

Na yule mwanamke akaongeza, kwa upole, kwamba shati la bluu linampendeza, lakini msiba ukiwa mbichi hivyo angevaa jeusi.

Alizima kompyuta. Akaiwasha. Akaazima ya mkewe. Akatumia simu. Ikawa vilevile. Mwalimu akatoka hadi barabarani akampigia kwa video kujaribu, akarudi mbio, barakoa ikining'inia sikio moja. Hakusema alichoona. Aliniambia tu, "Mama, mama yake amemwekea mkono begani."

Kwenye mikutano alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, wao wakaona mtu mpole anayeitikia. Walimwongezea kazi, akaitikia. Walimwuliza kama hesabu zilizoharibika ofisini ni kosa lake, akaitikia. Mwisho mkubwa akamwuliza kwa huzuni, "Kwa hiyo wewe mwenyewe umeamua kutuacha?" Nilikuwa mlangoni. Nilimwona Mkutano amesimama, karibu apande meza, anapunga mikono, anasema siachi, siachi. Mkubwa akasema, "Sawa. Tunakuheshimu kwa uamuzi wako."

Alasiri iliyofuata Mkutano alituita mimi na mkewe. Jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya chumba. Aliwasha kompyuta, akaelekeza jicho la kamera yake kwenye kile kiti cha kuzunguka. Yeye hakukikalia. Alipiga magoti chini, kando, mbali na jicho.

Kwenye kioo kiti hakikuwa kitupu.

Shati la bluu lilikuwa limekaa. Nyuma yake dada yangu, amevaa gauni la hospitali. Hakuwa wa kutisha, msitie chumvi. Alikuwa na sura yake ile ya kusubiri, ya mtu aliyeambiwa nakuja sasa hivi.

"Mama," Mkutano akasema. "Nimekuja. Nakutazama."

Kichwa kikaitikia.

"Nilikosea. Sikukaa."

Kikaitikia.

"Nisamehe."

Kikaitikia, lile tabasamu la upande mmoja.

"Basi niachie."

Kikasimama.

Hakijawahi kusimama. Ile video haina mahali pa kusimama. Mwalimu akanishika mkono akaniumiza. Kichwa kikafikiri. Kikageuka kushoto. Polepole. Kikarudi. Kikageuka kulia. Kama mtoto anayejifunza. Kushoto. Kulia. Dada akainama, akakitazama, akatabasamu kama mama anayeona hatua ya kwanza.

Kioo kikazima.

Mkutano alikuwa bado amepiga magoti. Mkewe akamkimbilia, "Umeumia?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Wapi? Unaweza kusema?"

Akaitikia. Hakusema. Machoni alikuwa anapiga kelele, nimeona macho ya ng'ombe machinjioni, nayajua. Kichwa kikaitikia tu.

Ndivyo alivyo hadi leo. Madaktari wamempima, hawakuona kitu. Majirani walipogundua, waliazima jembe, wakaazima toroli, wakaazima viatu. Ukimwomba anaitikia, na mwenye kuitikia amekubali. Mwalimu alivumilia kuliko ambavyo mimi ningevumilia. Siku moja akamwuliza, "Unataka nibaki?" Akaitikia. Mwalimu uso ukaanza kung'aa, halafu, kwa kuwa ni mwalimu na lazima ahakikishe, akamwuliza, "Unataka niende?" Akaitikia, vilevile, machozi yanamtiririka. Akaenda. Simlaumu. Huwezi kulala kitanda kimoja na ndiyo isiyo na mlango.

Kompyuta niliifunga kwenye gunia nikaiweka stoo mwenyewe. Kiti kiko palepale. Mwaka jana nilikwenda kumfulia, nikakifuta vumbi, mikono yake na mto, kiti kizima. Kukikalia siwezi, hata kwa dawa. Nikatoka kuanika nguo. Niliporudi, mto wake ulikuwa umebonyea. Niliugusa. Ulikuwa na joto, na chumba kile jua lilikuwa halijakifikia.

Nikamwuliza Mkutano, aliyesimama ukutani, maana humo ndani yeye hakai tena.

"Mama yako ameshaondoka?"

Akaitikia.

"Yuko bado?"

Akaitikia.

Hayo ndiyo malipo, mkitaka kujua, na acheni kuniganda. Hakudaiwa uhai. Alidaiwa neno moja dogo, lile alilompa mama yake alasiri ile huku sura ikimkubalia. Alilipa hapana yake, yote, hakubakiwa hata na ya kumfukuzia nzi. Na mimi nikiwekewa simu usoni, nazima kwanza. Sijui nani upande wa pili ataitikia, na kwa niaba ya nani.