Miguu Minne ya Mashine ya Santuri

Kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, fundi viatu wa chini alianza kugonga. Hakuwa mtu wa kubembeleza msumari. Alivalisha kiatu kwenye chuma chake, akainua nyundo hadi usawa wa sikio, akaishusha kana kwamba kiatu kimemtukana. Chuma hicho kilifungwa kwenye benchi, na benchi lilipigiliwa kwenye nguzo ya mbao iliyobeba sakafu ya juu. Kwa hiyo kila pigo lilipanda na nguzo, likaingia sakafuni, na vikombe vya chai mezani kwa akina Rula vikagongana.

Rula alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani kwa sababu hakutoka nyumbani bila rula, na hakuna kitu alichokiona asikipime. Aliishi ghorofa ya juu na mama yake, fundi cherehani, pamoja na mjomba wake.

Mjomba alikuwa mpakia mizigo sokoni mpaka mgongo ulipomgomea. Sasa alifanya kazi nyumbani. Watu walimletea santuri za zamani, naye akahamishia sauti zake kwenye kompyuta. Alizishika santuri kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika yai. Lakini mikono hiyohiyo ilikuwa imeshavunja mlango wa choo, kiti kimoja, na pua ya mtu sokoni. Akikasirika, aligonga kwanza na kuuliza baadaye.

Chini ya mashine yake ya santuri aliweka miguu minne ya mpira laini, wenye matundu madogomadogo ndani. Ukiubonyeza ulibonyea, ukiuachia ulirudi.

"Sindano inasoma mtikisiko," alimwambia Rula siku alipoikata. "Haijui huu ni wa muziki na huu ni wa nyundo ya yule bwana. Inasoma yote. Hii miguu inaumeza ule wa nyundo kabla haujafika juu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mjomba," alijibu Rula, akaipima. Kipenyo sentimita nne, unene sentimita mbili.

Jumanne moja mwalimu wa Sayansi aliwaagiza wanafunzi walete magari ya kuchezea waliyoyaunda wenyewe, yashindanishwe kesho yake. Rula alikuwa na bodi ya chupa ya plastiki, lakini hakuwa na magurudumu. Jioni, mjomba alipokwenda kunyolewa, aliinua mashine, akachomoa miguu minne na kuweka vitabu mahali pake. Alikusudia kuirudisha. Kisha akaitoboa katikati kwa msumari wa moto ili ipate kupita ekseli.

Jumatano gari lake lilikwenda mita tisa, na darasa zima likapiga makofi. Magurudumu yalirudi yamechanika.

Mchana huo, mjomba akiwa bado amelala na hajaigusa mashine tangu jana, Rula alichakura kwenye rundo la mabaki nje ya mlango wa fundi viatu. Alipata vipande vya soli nyeusi. Mkasi haukupita, akatumia msumeno wa chuma. Aliunganisha vipande viwiliviwili kwa gundi, akakata duara nne. Kipenyo sentimita nne, unene sentimita mbili. Alizipima mara tatu, akazipachika, na mashine ikakaa sawasawa. Kwa macho hakuna ambaye angejua. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa ugumu.

Alhamisi, aliporudi kutoka shuleni, alimkuta mjomba amesimama katikati ya chumba, mishipa ya shingo imemtoka.

Ko! iligonga nyundo chini. Sindano iliruka, na spika zikatoa mlio wa kitambaa kinachochanwa.

"Umesikia?" mjomba alifoka. "Miaka sita tunaishi naye. Leo ameamua kunifanyia makusudi!" Akapiga sakafu kwa kisigino mara tatu.

Kutoka chini, fundi viatu alijibu kwa nyundo mara tatu, tena juu ya nguzo yenyewe.

"We mshona kandambili!" mjomba alipaza sauti dirishani. "Punguza hizo nguvu!"

"Njoo uzipunguze wewe, mzee wa makelele ya marehemu!" alijibu mwingine. "Mimi nagonga viatu, nyundo haina kitufe cha sauti!"

Wapangaji waliokuwa uani walicheka. Rula hakucheka. Alitazama miguu minne myeusi. Angeweza kusema pale pale. Alifungua mdomo, akaona ngumi ya mjomba imekunjwa, akaufunga.

Ijumaa, Rula alipotoka shuleni, kazi ilikuwa santuri ya mama muuza vitambaa. Ilirekodiwa zamani, na hapakuwa na nakala nyingine. Ndani yake marehemu baba yake aliwaita watoto wake watano, mmoja mmoja kwa majina, akimwambia kila mmoja neno. Mjomba aliifuta vumbi, akashusha sindano. Sauti ya mzee ikatoka, nzito na ya taratibu. Jina la kwanza. La pili. La tatu.

Ko!

Safari hii sindano haikuruka tu. Iliteleza upande, ikachora mstari mweupe juu ya santuri.

Mjomba aliinua sindano. Alishuka ngazi mbilimbili. Rula alifika chini akakuta fundi viatu ameshanyanyuliwa kwa kola, miguu yake inapapasa sakafu. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Kitu kidogo cheupe kilianguka kwenye misumari, na Rula akachelewa kutambua kuwa ni jino. Fundi viatu alikuwa mwembamba lakini hakuwa mnyonge. Aliokota kalibu ya mbao ya kutanulia viatu, akaibamiza juu ya jicho la mjomba. Ngozi ilipasuka. Damu ilishuka usoni, ikamwingia mjomba machoni, naye akaendelea kupiga bila kuona: ukuta, rafu, bega la mtu. Viatu vya wateja vilimwagika chini vikakanyagwa. Wanaume wanne ndio waliowatenganisha, na mmoja wao aliondoka anachechemea.

Mwenye nyumba alikuwa nesi mstaafu, na watoto walimwita Bibi Nesi. Alimshona mjomba nyuzi tano akiwa amemkalisha juu ya ndoo.

"Akigonga tena kesho," alisema mjomba, meno yamekazwa, "namvunja ule mkono."

"Na akikuwahi yeye?" aliuliza Bibi Nesi. "Yule ana visu vinavyokata ngozi ya ng'ombe. Yako ni laini zaidi. Tulia, nitakudunga jicho."

Usiku huo Rula alimfuata mama yake kwenye cherehani. "Mama..."

"Nini?"

"Hakuna."

Mama alimtazama kidogo, lakini alikuwa na sare kumi za kumaliza.

Jumamosi fundi viatu alichelewa. Rula alikaa kitandani akiomba asifungue kabisa. Saa tatu mlango wa chini ulilia. Kisha, kwa kuwa kugonga ndiyo kazi yake na watu walikuwa wanasubiri viatu vyao, akagonga.

Mjomba alichukua nondo iliyokuwa inazuia dirisha.

"Kaka, iweke hiyo!" mama alipiga kelele, lakini mjomba alikwishafika kwenye ngazi. Fundi viatu alisikia vishindo. Mjomba alipotokea mlangoni, mwenzake alikuwa amesimama nyuma ya benchi, mkono wa kushoto juu yake na kisu cha kukatia ngozi katika mkono wa kulia.

"Piga hatua moja," alisema kupitia mdomo uliovimba, "nikufungue kama begi."

Nondo ilishuka. Ililenga kisu, ikatua kwenye mkono wa kushoto. Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu. Fundi viatu alipiga yowe, akaruka juu ya benchi na kisu mbele. Mjomba akainua nondo tena, sasa usawa wa kichwa.

"Ni mimi!" alilia Rula. Alikuwa amemfuata mjomba mbio, akajipenyeza kati ya mlango na benchi, mikono kichwani. "Mjomba, ni mimi! Nilitoa miguu ya mashine! Hajagonga kwa nguvu, ni mimi!"

Kisu kilisimama hewani, hatua moja na nusu kutoka shingoni mwa Rula. Nondo nayo ilisimama.

"Umefanya nini?" mjomba aliuliza polepole.

Rula alieleza yote: gari, msumari wa moto, rundo la soli. Hakuruka kitu. Alipomaliza, mkono wa mjomba ulikwenda nyuma, kiganja kimefunguliwa. Mama, aliyekuwa ameshuka nyuma yao, aliudaka kwa mikono miwili.

"Ukimgusa," alisema mama, "leo hii unahama. Umeshavunja vya kutosha."

Mjomba aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaushusha. Nondo ikaanguka chini.

Bibi Nesi aliingia na mkoba wake, akawapita wote, akashika mkono wa fundi viatu. Kidole cha shahada kilikuwa kimevunjika, na cha kati kilikuwa kimepasuka kucha. Alikifunga kile kilichovunjika kwa kijiti na bendeji, akaagiza apelekwe hospitali apigwe picha. Kabla hajatoka, fundi viatu alimgeukia mjomba.

"Miaka sita nyundo ni hii hii. Nguzo ni hii hii. Hukujiuliza kwa nini iharibu wiki hii?"

Mjomba alisogea, akampisha njia.

Aliporudi juu, alijaza glasi maji na kuiweka juu ya mashine. Akamwomba jirani mmoja agonge chini, na maji yakatetemeka kwa mawimbi ya duara hadi ukingoni. Kisha akatafuta kipande kilichobaki cha mpira laini, akakata miguu mipya, akaipachika. Jirani akagonga kwa nguvu ileile. Maji yalicheza kidogo sana. Ilibidi Rula ainame ili aone. Mjomba akashusha sindano juu ya santuri ya majaribio, na muziki ukapita moja kwa moja bila kujikwaa. Tatizo lililowamwaga watu damu lilimalizika kwa robo saa.

Santuri ya mama muuza vitambaa haikupona. Alipofika mchana, mjomba alimweleza ukweli, akamwekea sauti iliyobaki. Yule mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Jina la tatu likapita, ukafuata mkwaruzo mrefu, kisha likaja la tano.

"La nne ndilo langu," alisema. Akachukua santuri yake, akaondoka bila kuaga.

Siku ya Jumatatu mjomba alishuka chini mikono mitupu. Alisimama mlangoni mwa fundi viatu mpaka alipoangaliwa.

"Nimekukosea, fundi," alisema. "Nimekupiga kwa kosa lisilo lako. Na hata lingekuwa lako, nisingepaswa kukupiga. Kidole hicho kitachukua wiki tano. Hizo wiki tano nitagonga mimi, wewe uniambie wapi."

Fundi viatu alimtazama mshono juu ya jicho, akajigusa pengo la jino.

"Utagonga ninavyosema?"

"Utakavyosema."

"Basi anza kwa kuokota misumari uliyoimwaga. Na usipige kama unapigana. Hicho ni kiatu, si mimi."

Rula aliletwa na mama yake jioni. Alisimama mbele ya benchi, mikono nyuma.

"Shikamoo, fundi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba. Kaa hapo."

Alikaa. Fundi viatu aliuweka mkono wake wenye bendeji juu ya benchi, mahali ambapo wote waliuona, akaongea bila kupandisha sauti.

"Mjomba wako ana kosa lake la hasira, na atalijibu mwenyewe. Wewe nakuambia lako. Kuchukua kitu cha mtu bila ruhusa ni kosa, lakini Jumatano lilikuwa bado dogo. Ungesema siku ile, ungepata kofi, labda mawili, na miguu mipya ingekatwa. Alhamisi ungesema, ungeondoa matusi. Ijumaa asubuhi ungesema, yule mama angesikia jina lake, nami ningekuwa na jino. Ulisubiri mpaka Jumamosi. Ukweli ni uleule, maneno ni yaleyale, lakini kila siku uliyokaa nao umekula kitu cha mtu mwingine."

Rula alilia kimya. "Niliogopa kupigwa," alisema.

"Najua. Kwa hiyo nikapigwa mimi." Fundi viatu hakusema hivyo kwa ukali, alisema kama mtu anayetaja saa. "Siku nyingine ukikosea, nenda useme ukiwa bado unaogopa. Usingoje hofu iishe, haiishi. Ukiogopa kwenda peke yako, pita hapa, nitakwenda nawe."

Alivuta sanduku la viatu vibovu kwa mguu, akampa koleo.

"Haya. Kila kiatu humu kina misumari ya zamani. Itoe yote, hata ile isiyoonekana."