Mkungu Usioguswa

Wakati wa likizo, kazi ya kwanza ya Joyness kila asubuhi ilikuwa kumenya ndizi. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao ya Bugene, kisu mkononi na beseni la maji mbele yake, huku mdogo wake Yustus akimzunguka na maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Asubuhi ya tarehe ishirini na nne Desemba ilianza hivyo hivyo. Ndizi zilikuwa zimefika nusu ya beseni simu ya baba ilipolia.

Alikuwa Bibi Kampire, mama yake baba, akipiga kutoka Kamuli, wilaya ya Kyerwa. Bibi ana sauti kubwa, na baba huongeza sauti ya simu vilevile, kwa hiyo akipiga Bibi nyumba nzima inasikia. Aliwatakia Krismasi njema, akalalamikia magoti yake, kisha akaanza wimbo wake wa siku zote, nao wimbo ni Ainembabazi. Ainembabazi ameshika nafasi ya pili darasani. Ainembabazi amepalilia kahawa yote. Ainembabazi akipika maharage, majirani wanauliza kuna mgeni gani.

Joyness alikimenya kidole badala ya ndizi. Hakulia. Alikitia mdomoni akanyonya damu, akamlaani Ainembabazi kimoyomoyo kana kwamba ndiye aliyeshika kisu.

Huyo Ainembabazi alikuwa binamu yake, binti wa shangazi Adelgunda. Shangazi ni muuguzi, leo yuko Ngara, kesho kahamishiwa Biharamulo, ndiyo maana mtoto alilelewa na Bibi tangu akiwa na miaka minne. Sasa alikuwa na kumi na miwili, na Joyness kumi na mitatu. Joyness ndiye mjukuu wa kwanza wa Bibi, tena katikati ya Januari alikuwa apate kipaimara. Je, Bibi aliuliza hata mara moja maandalizi yamefikia wapi? Wapi! Hilo ndilo lililomchoma. Wivu alikuwa nao wa siku nyingi, na siku hiyo ulimwasha kama upupu.

Baba, mzee Cleophace, yeye alisikia jambo lingine kabisa kwenye simu ile. Alisikia kwamba mama yake atakula Krismasi na mtoto mmoja tu, nyumba kubwa vile. Alisimama na kikombe cha chai, akamtazama mkewe, akasema kwa nini wasiende leo hii hii. Mama, jina lake Deodatha, alimwuliza kama amelala vibaya. Gari liko wapi? Nguo hazijafuliwa, na kuku amekwishachaguliwa. Lakini baba alikuwa keshavaa viatu. Alikwenda Kayanga kwa rafiki yake Zubeiri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na pikapu. Zubeiri alimwambia gari litakaa bure mpaka sikukuu iishe, basi na liwapeleke watu kwa mama yao, na wamletee senene.

Wakapanda. Kuku aliyechaguliwa alipanda pia, miguu imefungwa. Baba alikataza mtu yeyote asimpigie Bibi simu. Walipita Omurushaka wakaelekea Nkwenda, matope yakiruka pande zote, na Yustus akaimba nyimbo za shule ya Jumapili mpaka sauti ikakauka. Hata mama, aliyekuwa amenuna mwanzoni, alicheka. Joyness alichungulia dirishani akajisemea kwamba leo Bibi akimwona ghafla, atapiga kelele ya furaha na kulitaja jina lake kwanza.

Bibi alipiga kelele kweli. Alikuwa uani akianika maharage, akaona pikapu inaingia, akaona mwanawe anashuka, akarusha ungo na maharage yake. Alipiga vigelegele hadi mbwa wa jirani wakabweka. Kisha akageukia jikoni akaita kwa nguvu zake zote, "Ainembabazi, njoo uone! Ainembabazi!"

Jina la kwanza likawa hilo. Joyness alikumbatiwa baadaye, akabusiwa, akaitwa mwijukuru wange, maana Bibi akifurahi huwaita wajukuu kwa Kinyambo. Haikusaidia kitu. Ainembabazi alitoka jikoni na unga mikononi, akapiga magoti kumwamkia mjomba na mama, halafu akamrukia Joyness shingoni. Joyness alisimama wima kama mwiko.

Mchana wote ukawa wa Ainembabazi. Ndiye aliyeleta maji ya kunawa, ndiye aliyemchinja kuku kwa mkono usiotetemeka, ndiye aliyejua kuni kavu ziko wapi. Joyness alitumwa kuwasha moto, akautia moshi jiko zima mpaka Bibi akakohoa. Baba akasema lile neno ambalo wazazi hulisema bila kujua linakwenda kukaa wapi moyoni. "Mwone mwenzako, Joyness."

Alasiri Bibi aliwatembeza kwenye kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Karibu na njia palikuwa na mgomba mnene wa nshakara, ndizi za kupika ambazo watu wa huku huzipenda kuliko zote. Mkungu wake ulikuwa mkubwa hata mgomba ukainama, ukashikiliwa na nguzo yenye panda. Chini palikuwa na mbolea na majani makavu, yamepangwa vizuri kama kitanda. Baba alipiga mluzi akasema huo wangeukata kesho. Bibi akasema hapana, mkungu ule hauguswi, bado wiki tatu ukomae, tena una mwenyewe. Baba alipouliza mwenyewe ni nani, Bibi na Ainembabazi walitazamana wakacheka, na Bibi akasema tu kwamba Ainembabazi ameuhangaikia tangu Septemba.

Joyness alimaliza hesabu yake papo hapo. Kumbe amepewa na mgomba wake mwenyewe. Mkubwa kuliko yote.

Kabla giza halijaingia, wote walikuwa jikoni. Ainembabazi alikuwa akisimulia jinsi mwinjilisti wao alivyofukuzwa na bata mzinga, na baba alicheka hadi akafuta machozi. Joyness hakukumbuka lini yeye alimchekesha baba hivyo. Alitoka kimya kimya. Mbingu upande wa Kibingo ilikuwa imejaa mawingu meusi. Alifika kwenye ule mgomba, akaishika nguzo, akaitikisa. Hakutaka kuharibu, alijiambia. Alitaka mkungu uinameiname kidogo, Bibi auone kesho, amkaripie Ainembabazi mara moja tu. Mara moja tu katika maisha yake naye asikie utamu wa kukaripiwa. Akaivuta nguzo ikatoka, akaificha chini ya majani makavu, kwenye mikahawa. Mgomba ulishuka kidogo ukatulia.

Mvua iliwakuta wanakula. Ilikuja na upepo, ule wa Desemba unaopekua mabati. Katikati ya kelele Joyness alisikia kishindo kizito kutoka shambani. Bibi aliuliza hicho ni nini. Mama akasema pengine ni tawi. Joyness akaomba maji.

Asubuhi ya Krismasi hawakuamshwa na jogoo, waliamshwa na Bibi. "Mungu wangu, wiki tatu tu," alikuwa akisema, "wiki tatu tu." Walitoka mbio wakamkuta ameketi kwenye matope na gauni lake la kulalia. Mgomba ulikuwa umevunjika katikati, na mkungu umebamizwa chini, ndizi zimepasuka, nyembamba bado, za kumpa mbuzi.

"Ulisimikaje nguzo wewe?" Bibi alimwuliza Ainembabazi. "Si nilikwambia uchimbie sana?"

"Niliichimbia, Bibi."

"Sasa iko wapi? Imepeperuka? Miezi mitatu unaniambia utautunza, na mvua ya siku moja inautoa. Uzembe huu."

Basi, Joyness alikuwa amepata alichokitaka. Ainembabazi amekaripiwa mbele ya watu, machozi yanamtoka. Utamu uko wapi? Hakuusikia. Na kabla hajajua aweke wapi macho yake, Bibi alimgeukia baba akasema hakuna haja ya kuficha tena. Mkungu ulikuwa wa Joyness. Ainembabazi ndiye aliyeuchagua ulipochomoza, akasema huu ndio utakaopikwa siku ya kipaimara cha Joyness. Walikuwa wamepanga kuja Bugene bila kutoa taarifa, hata magoti yakiuma vipi, wamwone Joyness atakavyoshangaa. Ndiyo sababu kwenye simu Bibi alijizuia hata kuuliza habari za kipaimara, maana anajijua, angeropoka.

Mchimba shimo huingia mwenyewe, watu husema, lakini Joyness alikuwa amelichimba na kumsukumia mtu mwingine.

Watu wazima walirudi ndani kujiandaa kwa ibada. Ainembabazi alibaki akikusanya majani, na Joyness akabaki kwa kuwa hakuweza kuondoka. Akamwona binamu yake anainama penye mikahawa, anasita, kisha anainua nguzo. Nguzo nzima. Chini ya majani mvua haikuwa imeifikia vizuri. Nguzo iliyoangushwa na upepo haijifuniki. Ainembabazi aliitazama, akamtazama Joyness, akaiegemeza kwenye mgomba wa jirani na kwenda kuoga.

Kama angemtukana ingekuwa afadhali. Kanisani Joyness alisimama watu waliposimama na kuketi walipoketi, na kila mahubiri yalipotaja furaha, yeye alitazama viatu vyake. Ainembabazi alikuwa ameketi pembeni ya Bibi, macho mekundu. Angeweza kumnong'oneza Bibi wakati wowote. Joyness alingoja. Hakumnong'oneza.

Waliporudi, chakula kikaandaliwa, na Bibi akamwambia Ainembabazi avute sahani yake, mbona hali. Ainembabazi alijibu hana njaa. Joyness alishindwa kuvumilia. Alipiga magoti pale pale kwenye mkeka.

"Nguzo niliitoa mimi, Bibi," alisema. "Niliificha kwenye mikahawa. Ainembabazi aliisimika vizuri. Nilitaka umkaripie."

Baba aliinuka na uso ambao Joyness aliujua, akasema wafungashe sasa hivi, hawezi kula na mtoto wa namna hiyo nyumbani kwa mama yake. Bibi alimwambia aketi, nyumba ni yake na yeye ndiye atakayesema nani anaondoka. Baba akaketi kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kwa nini ulifanya?" Bibi alimwuliza Joyness.

"Kila siku ni Ainembabazi. Ukipiga simu, Ainembabazi. Nikafikiri mimi hunitaki."

Bibi alimgeukia Ainembabazi akamwuliza kama alijua. Ainembabazi aliitikia kwa kichwa, akasema aliiona nguzo asubuhi. Bibi akauliza, sasa alivumilia kukaripiwa kwa nini?

"Nilijua mjomba atakasirika na mtaondoka," Ainembabazi alisema, akimtazama Joyness badala ya Bibi. "Nyumba haijawahi kujaa hivi siku ya Krismasi. Nyinyi mkipiga simu nasikia Yustus analia, mama anamnyamazisha, baba anacheka, wote mko hapo. Nikiweka simu chini natamani ningekuwa wewe. Nakuonea wivu kila Jumapili."

Joyness alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Akaenda akaketi karibu naye, akausogeza mkono wake mpaka ukagusa wake, na Ainembabazi hakuuondoa. "Nisamehe," alisema hatimaye.

Bibi alimwomba Ainembabazi msamaha naye, mbele ya wote, kwa kumwita mzembe kabla ya kuitafuta nguzo. Akamwambia Joyness kwamba kwenye simu alimsifu Ainembabazi kwa sababu mama yake mtoto yuko mbali na hakuna mwingine wa kumsifu. Lakini mtoto wa upande wa pili wa simu naye ana masikio, na hilo alilisahau. Kisha akatoa hukumu. Joyness atabaki Kamuli mpaka kipaimara kikaribie. Atalima na Ainembabazi, atabeba mbolea, atajifunza kusimika nguzo. Kipaimarani utapikwa mkungu mdogo, kwa kuwa mkubwa haupo, na wageni wakiuliza, Joyness mwenyewe ndiye atakayewajibu.

"Sikilizeni niwaambie," Bibi alisema, na hata Yustus aliacha kutafuna. "Migomba ikisongamana hunyang'anyana mbolea, ndiyo maana tunang'oa mingine ili mmoja unenepe. Wivu unakwambia na watu wako hivyo, kwamba sifa ya mwenzako imetolewa sahanini mwako. Ni uongo. Nyinyi sikuwapanda ili nije kung'oa mmoja. Ukiumia, njoo uniambie nimekuumiza. Ungeniambia jana, Joyness, leo tungekuwa na mkungu."

Kisha akawaamuru wale, chakula kinapoa. Ainembabazi akavuta sahani yake, akala. Jioni, baba alipokuwa amelala kibarazani, wasichana wawili walishuka shambani na panga. Walikatakata ule mgomba ulioanguka na kuvitandaza vipande chini ya migomba mingine, mpaka pale mahali pakabaki shina tupu na chipukizi mbili.