Mawese Ndani ya Breki

Kila asubuhi Bénite alifagia karakana ya mjomba wake kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa na nyuki. Vumbi lilitoka pembe moja likahamia pembe nyingine, naye akatangaza kwamba usafi umekamilika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Tangu aje kutoka Beni kukaa Butembo wakati wa likizo kubwa, hapakuwa na kiti kilichofaulu kumshika mpaka chai ikapoa. Mjomba wake, Stanislas, alisema mtoto huyu alizaliwa injini ikiwa tayari imewashwa.

Stanislas alikuwa na kazi ya ajabu kidogo. Alifufua baiskeli za watoto, zile za zamani ambazo watu wazima wa leo walizipanda walipokuwa wadogo, kisha zikasahauliwa nyuma ya vibanda vya kuku. Mzee mwenye kitambi aliingia akiburuta chuma chenye kutu na kusema, kwa aibu, kwamba hiyo ilikuwa yake. Stanislas hakucheka. Aliipokea kama daktari anavyopokea mgonjwa. Aliyecheka alikuwa Bénite, nyuma ya mlango.

Juma lile Mama Berthe, muuza vitenge, alileta ya kwake. Ilikuwa imening'inia darini, katika jiko la wazazi wake kule Masereka, na moshi wa maharagwe ya miaka mingi ulikuwa umeigeuza nyeusi kama sufuria. Aliitaka kwa ajili ya binti yake Sagesse, mwenye miaka sita. Jumapili, kabla ya misa, Sagesse angeteremka nayo mlima wa kwao huku majirani wote wakitazama.

Stanislas alimkabidhi Bénite kazi hiyo peke yake. Ikitoka vizuri, angeanza kumfundisha ufundi wenyewe. Ikitoka vibaya, angebaki na ufagio wake. Bénite alitaka ufundi ule kuliko nyama ya sikukuu.

Akaanza kwa kishindo. Alisugua masizi kwa majivu na sabuni, akapiga kutu msasa, mpaka rangi nyekundu ikachungulia kama mtu aliyeamshwa mapema mno. Usukani uling'aa. Kengele ililia, na Bénite akahakikisha inalia karibu na sikio la kila aliyepita.

Ilibaki breki. Baiskeli ile haikuwa na breki za mkononi. Ili kusimama, mtu alikanyaga pedali kinyumenyume, na breki yenyewe ilikuwa imejificha ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Stanislas alimwagiza akifungue kitovu, atoe gololi, azioshe kwa esansi, yaani petroli, moja baada ya nyingine, kisha atie grisi mpya. Akaenda sokoni kutafuta mpira wa gurudumu.

Hiyo ilikuwa kazi ya kukaa chini. Bénite alikaa. Akasimama. Akakaa tena, akaitazama nati kubwa, nati nayo ikamtazama.

Wakati huohuo dereva wa lori akashusha mlangoni bidoni ya mawese, zawadi kutoka kwa mama yake Bénite, Jokébed, aliyeuza mafuta hayo Beni. Yalikuwa mekundu, bado na joto la safari, mepesi kama chai. Kwao Beni mawese yalitibu kila kitu. Mlango ukilia, mawese. Gurudumu la chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, likipiga kelele, mawese. Bénite aliona tundu dogo juu ya kitovu, akamimina. Akazungusha pedali. Kelele zote zikanyamaza, na kazi ya nusu siku ikamalizika kabla ya mtu kupiga chafya.

Stanislas aliporudi aliuliza kama kitovu kilifunguliwa.

"Ndiyo, Tonton," Bénite akajibu.

"Na gololi?"

"Zinang'aa kama macho ya sungura."

Mjomba akajaribu breki. Jua la mchana lilikuwa kali, nayo ikashika vizuri. Akampongeza mpwa wake. Jioni Mama Berthe alikuja, akaigusa ile rangi nyekundu, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema "wasingya" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaondoka na baiskeli. Bénite alizipokea shukrani zote, hakurudisha hata moja.

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mji, na baridi ilikuwa ile ya Butembo inayofanya mtu aoge kwa imani tu. Stanislas alikuwa ameshatoka kwenda misa ya kwanza. Mkewe, Kanyere, alimwomba Bénite mawese ya kupikia. Bénite akainamisha bidoni. Hakikutoka kitu. Akaigeuza kichwa chini. Bado hakikutoka kitu.

"Mawese ya kwenu inaogopa baridi," Kanyere akamtania. "Hapa asubuhi inagandaka kama siagi. Weka karibu na moto."

Bénite alisimama na ile bidoni mikononi. Kwa mara ya kwanza tangu afike Butembo, hakutikisika.

Kama mafuta yameganda humu, yameganda na ndani ya breki, na breki iliyoganda haishiki. Akauona mlima wa kina Sagesse, na barabara kubwa chini yake, malori ya mbao na pikipiki zikipita. Kisha sauti ndogo, tamu kama muwa, ikamwambia kwamba jua litapanda, mafuta yatayeyuka, na hakuna atakayejua lolote. Tonton atamfundisha ufundi. Anyamaze tu, achochee moto.

Lakini jua lilikuwa bado liko nyuma ya ukungu, na misa ilikuwa karibu. Bénite akaweka bidoni chini, akakimbia.

Alikuta majirani wamejipanga pande zote mbili za njia. Sagesse alikuwa ameshapanda, gauni jeupe, soksi nyeupe, mguu mmoja tayari kwenye pedali. Bénite akalidaka tandiko kwa mikono miwili. Sagesse akapiga mayowe kwamba anaibiwa.

Mama Berthe akaja juu. "Weye, Bénite, una nini? Acha mutoto aende, misa inatungojea."

Bénite alikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni, kuhusu nati iliyosahauliwa. Akauangalia mlima. Akaumeza.

"Asiende, Mama. Kitovu sikukifungua. Nilimudanganya Tonton. Nilitia mawese tu, sasa imeganda. Breki hapana."

Mama Berthe akamshusha binti yake, akainamisha baiskeli, akasukuma pedali kinyumenyume kwa mkono. Ikazunguka bure, laini kabisa, kama kijiko ndani ya uji. Chini barabarani lori likapiga honi. Mama Berthe akamkumbatia Sagesse.

Baada ya misa Mama Berthe alifika karakanani akisukuma baiskeli. Bénite alikuwa ameshamweleza mjomba yote, akiwa ameshika ufagio kabisa ili kumrahisishia hukumu. Stanislas hakupiga kelele. Alimwekea spana, sahani na chupa ya esansi, akamwonyesha kigoda. Bénite akakaa. Ndani ya kitovu alikuta mawese yamechanganyika na grisi ya zamani, yameshika kila kitu kama ugali uliolala. Aliosha gololi moja baada ya nyingine, akatia grisi mpya, na alasiri ilimkuta bado amekaa.

Mama Berthe akaikubali kazi kwa sharti moja: kabla ya Sagesse, ateremke fundi.

Basi majirani walipata maonyesho yao. Bénite alipanda baiskeli ya mtoto wa miaka sita, magoti yakiwa jirani na masikio, akaushuka mlima wote. Upepo ulimchapa. Karibu na barabara akakanyaga nyuma. Gurudumu likashika, kokoto zikaruka, baiskeli ikasimama palepale. Juu, Sagesse alipiga makofi akidai zamu yake.

Stanislas alishuka taratibu mpaka alipokuwa Bénite.

"Rangi kila mutu anaiona," alisema. "Ndani ya kitovu anaona ule tu aliyefungua. Donc pale ndani ndiyo mutu anajulikana kama ni fundi ao ni mwongo. Usimupatie mwenzako kitu ambacho weye mwenyewe unaogopa kuteremka nacho."

Kisha akamwambia aisukume baiskeli mpaka juu, na kesho aje mapema, kuna nyingine mbili za kufungua vitovu.