Koleo la Tanuri la Tatu

Harufu ya sukari inayoungua ilimfikia fundi wa kukata vyuma saa nne asubuhi, jua likiwaka, ndani ya kiwanda cha sukari alichokuwa akikibomoa, ambacho matanuri yake yalikuwa yamepoa miaka ishirini. Alijiambia ni pua tu. Masikini, pua haikuwa na kosa.

Alikuwa mtoto wa mji ule. Babu yake alikata miwa, baba yake alichochea matanuri, na sheria ya wachochezi ilikuwa moja: huendi nyumbani mpaka mwenzako wa zamu inayofuata apokee koleo la kuchochea moto mkononi mwako. Hata watoto waliigeuza mchezo: ukinyooshewa fimbo, lazima uipokee.

Basi mtu aliyejaa masizi alipotokea nyuma ya tanuri la tatu, akamnyooshea koleo na kusema taratibu, "Shika, ndugu yangu, zamu yangu imepita sana," mgeni angesema mguu niponye. Fundi alipokea. Mazoea yana taabu.

Yule mtu alishusha pumzi, akapita ukutani kama ukuta haupo. Koleo lilikuwa la moto na vidole vya fundi havikubanduka. Aliufuata mlango, akatokea kwenye tanuri la tatu. Akaruka dirisha, akatokea kwenye tanuri la tatu. Akakimbia huku akimwita mama yake aliyekwisha kufa, akipita ngazi, mapipa na mashine alizozikata mwenyewe jana na ambazo sasa zilikuwa nzima zikinguruma, na mwishoni mwa mbio zote palikuwa na mdomo mwekundu wa tanuri lile ukimsubiri.

Adhuhuri mke wake alileta chakula, mimba ya miezi minane ikimtangulia. Kwake yeye mlango ulifunguka bila kelele.

"Mume wangu, mbona umelemewa hivyo? Lete nikushikie."

Naye alikuwa binti wa mchochezi. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka.

Fundi alitaka kumpa. Aibu iliyoje, lakini alitaka. Koleo lilianza kuinuka lenyewe, akalikumbatia kifuani mpaka shati likaungua.

"Usiniguse," alinong'ona. "Rudi kinyumenyume. Mikono mgongoni."

"Na wewe?"

"Mtoto mlee mbali na hapa. Asifundishwe mchezo ule."

Mke alirudi nyuma akilia, na mlango ukajifunga.

Mke alihama mji wiki ileile. Binti yao ana miaka sita sasa, na mchezo ule hajawahi kuusikia. Juzi mchana mama alimkuta uani, amesimama mbele ya ukuta, kiganja wazi.

"Kuna mtu amechoka, mama," alisema. "Ananukia sukari."