Swali la Mafuta

Kila Jumamosi sokoni Hasna alikuwa mdomo wa mama yake. Mama yake, mfanyabiashara wa nguo kutoka Zanzibar, alijua Kichina cha kuulizia bei na cha kukataa bei, basi. Yaliyobaki aliyamalizia Hasna, mwenye miaka kumi na miwili, aliyesoma Guangzhou tangu darasa la kwanza. Kitambaa hiki kikifuliwa kinachuja? Zipu hizi zinashika kutu? Alitafsiri huku mguu wake mmoja ukipigapiga chini kama cherehani za mtaa wao wa Kangle, ambazo hazinyamazi mchana kutwa. Kumkalisha Hasna dakika tano kulikuwa sawa na kumpa adhabu.

Jumamosi hiyo Mama alikwenda bandari ya Huangpu kuhimiza kontena lake. Hasna akaachiwa bibi yake, Bi Mwanakhamis, aliyekuja kutembea mwezi mmoja. Bi Mwanakhamis alikuwa mpishi wa harusi huko Unguja, mwanamke mfupi, mpana, mwenye ulimi usiolala. Maghorofa ya Guangzhou aliyatazama siku moja tu, akachoka. "Nyumba ni nyumba," alisema. "Mimi nipelekeni wanakopika."

Basi wakaenda kwenye maonyesho ya vyakula vya Meksiko, katika ukumbi mmoja wa wilaya ya Haizhu. Kila meza ilikuwa na mkoa wake, na nyuma ya kila meza alisimama mpishi Mmeksiko anayeishi mjini humo, akiongea Kichina na wateja.

"Kumbuka," Mama alikuwa amemwambia asubuhi, "kila meza maswali mawili. Nyama gani, na mafuta gani. Usiishie kwenye nyama." Waislamu wa Guangzhou wote wanaijua desturi hiyo. Nguruwe asiyeonekana kwenye nyama huweza kuwa amejificha kwenye mafuta.

Kwenye meza ya Veracruz Hasna aliuliza yote mawili. Samaki, kwa mafuta ya zeituni. Bibi akala, akaramba kidole, akataka kujua nyanya zilikaa motoni muda gani. Hasna akauliza. Na zeituni zilitiwa lini? Hasna akauliza tena. Meza ya pili walipewa maji meupe, baridi, ya mchele uliolowekwa na mdalasini.

"Huu ni uji uliokataa kwenda jikoni," alisema Bibi, akimeza. "Lakini umefanya vizuri kukataa. Muulize, mchele umelala majini saa ngapi?"

"Bibi, foleni inajaa kule."

"Foleni haina miguu, mke mwenzangu," alisema Bibi, kwa utani wa mabibi wa pwani kwa wajukuu wao wa kike. "Uliza."

Hasna aliuliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye meza ya Tabasco, ambako walikoroga mahindi na kakao kwa barafu. Kinywaji hicho ndicho alichokiwaza tangu asubuhi.

Kabla ya Tabasco ilikuwepo Oaxaca. Hapo mpishi aliitwa Martina, mama mwenye mikono minene na aproni nyekundu. Aliuza tamale: unga wa mahindi uliokandwa laini, ukajazwa mchuzi mweusi, ukafungwa kwa jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Bibi alilishika jani, akalinusa, akatabasamu kama aliyekutana na jirani ugenini.

"Na mchuzi mweusi una nini?"

"Pilipili, ufuta, karanga na chokoleti," Hasna akatafsiri jibu.

"Chokoleti kwenye pilipili? Aliyebuni hiki siku hiyo alikuwa amegombana na mumewe. Nyama gani?"

"Kuku," alijibu Martina.

Hasna alifungua mdomo aulize swali la pili. Foleni ya Tabasco ikaongezeka watu wanne. Akaufunga.

"Umeuliza yote?" Bibi alisema.

"Yote, Bibi. Ni kuku."

Bibi akachukua sita, akaenda kukaa na Mama Albertine, mfanyabiashara kutoka Lubumbashi aliyezoeana naye pale kwenye samaki. Hasna akakimbilia foleni yake.

Alikuwa wa pili kutoka mbele alipogeuka kutazama. Nyuma ya meza ya Oaxaca, Martina alikuwa anakanda unga mwingine. Alichota mafuta meupe, mazito, kutoka kwenye ndoo. Ubavuni mwa ndoo palichorwa nguruwe anayecheka.

Labda ndoo ni ya zamani tu. Labda mafuta ni mengine. Akinyamaza, nani atajua? Miguu, iliyokuwa ikichezacheza tangu asubuhi, sasa haikujua iende wapi. Mtu wa mbele yake alihudumiwa, akaondoka. "Wewe sasa," aliambiwa. Hasna akatoka kwenye foleni, akarudi mbio kwa Martina.

"Shangazi, unga unaukanda kwa mafuta gani?"

"Ya nguruwe. Kwetu ndivyo unavyolainika. Ungeniuliza mwanzoni ningekwambia."

Bibi alikuwa ameshafungua jani lake, lakini hajala.

"Nakungoja wewe," alisema. "Sili peke yangu kama paka. Haya, bismillahi."

"Bibi, usile."

"Umeona unywele?"

"Unga una mafuta ya nguruwe. Sikuuliza. Nilisema nimeuliza, ila sikuuliza."

Bibi alilikunja jani polepole, upande huu na upande ule.

"*Maman*, zisitupwe," Mama Albertine alisema taratibu, akizivuta tamale zote sita upande wake. "Mie Mkristo, hainisumbui. Mtoto amesema kweli, asilie."

Hasna alikuwa analia kweli.

Martina alikuja nyuma yake, akawapeleka kwenye meza ya Michoacán, kwa rafiki yake aliyefunga mahindi mabichi yaliyosagwa kwa maziwa ndani ya maganda yake. Safari hii Hasna aliuliza bila kutumwa. Hakuna nyama. Mafuta ni siagi. Akaomba kuonyeshwa, akaonyeshwa pakiti, akaisoma kwa sauti yote, mpaka tarehe.

Bibi alikula vifurushi viwili, ndipo akaongea.

"Nina miaka sitini na tisa, nimehiji, na leo nimebakiza kidole kimoja kula nguruwe, tena kwa bismillahi. Hiyo ingekuwa hadithi ya kuchekesha, kama ingekuwa ya mtu mwingine."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe uliposema usile. Sikiliza sasa. Kuchoka si kosa, na kusahau si kosa. Ungeniambia 'sijauliza', ningengoja. Lakini mimi hapa sijui Kichina, natia mdomoni ninachoambiwa na wewe. Ukisema umefanya jambo ambalo hukulifanya, mwenye kuumia ni yule aliyekuamini. Asiyekuamini angeuliza mwenyewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Vizuri. Sasa futa pua, ukamuulize huyu mama siagi anaitia kabla ya maziwa au baada yake. Nataka nikawatese nayo Unguja."