Fimbo Isiyokuwa ya Mkono Wake

Fundi alikuwa anafunga karakana, jua limeshazama nusu, simu ilipoita.

"Nipo uwanja wa mazoezi. Niletee fimbo tatu nne za kusukumia mpira shimoni. Kesho nina fainali, unichagulie inayonifaa."

Mwenyekiti wa klabu ya gofu. Hakusalimu. Hakusema tafadhali. Alikata simu kabla hajajibiwa.

Fundi akameza fundo. Kwa miaka tisa alikuwa akilimeza hilohilo, na halijawahi kushuka. Baba yake alimbebea mtu huyu mkoba wa fimbo za gofu miaka ishirini, mvua na jua, hadi siku ile ya radi. Wachezaji wengine wote walikimbilia ndani. Mwenyekiti akakataa, alikuwa anaongoza. Radi ikampiga mbeba mkoba kwenye shimo la saba. Mbele ya kamati Mwenyekiti akasema mzee alikuwa amelewa, alijitakia mwenyewe. Mzee ambaye pombe aliijua kwa harufu tu! Wiki haikuisha, mama yake Fundi akatolewa kwenye nyumba ya wafanyakazi, vyombo vikarundikwa barabarani.

Na Fundi, binti wa mzee huyo, akabaki palepale, akitengeneza fimbo za watu walewale. Angefanya nini? Tumbo halina likizo.

Akachukua fimbo nne, akaenda.

Uwanja wa mazoezi ulikuwa mtupu. Nyasi zimenyolewa fupi kama zulia, shimo moja katikati, bendera imelala. Mwenyekiti alisimama peke yake, jasho linamtiririka ingawa upepo ulikuwa wa baridi.

"Sukuma mara tano," Fundi alisema. "Nione mkono wako."

Akasukuma. Fundi akachuchumaa nyuma ya mpira, akatazama. Hasira ni hasira, lakini kazi aliijua.

"Mkono wako unakwenda kama mlango kwenye bawaba. Unafunguka, unajifunga. Mtu wa hivyo anataka fimbo ya kichwa chembamba, kizito upande wa nchani. Hii yenye kichwa kikubwa kama nyundo iache. Hiyo ni ya mtu anayesukuma moja kwa moja, kama anavuta droo."

"Nipe hiyo nyembamba."

Akampa. Mpira wa kwanza ukapita shimo kwa hatua mbili. Wa pili haukufika. Kila mara Mwenyekiti aligeuka kutazama mkoba wake uliolala kwenye nyasi.

Fundi naye akatazama. Ndani ya mkoba mlikuwa na kitu kirefu, kimeviringishwa taulo, kimefungwa kwa mkanda wa suruali. Kimekazwa kama mtu anayezuiwa asitoroke.

"Hiyo uliyokuwa unashindia ni ipi? Bila kuiona, nitalinganisha na nini?"

"Ile usiiguse."

"Kwa nini?"

"Nimesema usiiguse!"

Hapo ndipo aliposikia harufu. Mvua... na nywele zilizoungua. Mbinguni hapakuwa na hata wingu moja.

Kisha sauti, nyuma yao.

Tk.

Mpira kudondoka shimoni. Fundi akageuka. Hapakuwa na mtu. Mipira yote ilikuwa bado juu ya nyasi.

Tk.

Mwenyekiti akaanza kulia kimya kimya, kama mtoto aliyekatazwa kulia. Fundi hakungoja. Alivuta mkanda, akalitupa taulo kando.

Akaijua.

Kichwa cha shaba iliyoyeyushwa kutoka mabomba mabovu ya maji. Mpini wa chuma cha kitanda. Baba yake aliisugua miezi miwili, amekaa kizingitini, akipiga mluzi. Siku aliyokufa fimbo ilipotea, na nyumba nzima ilipekuliwa bila kuonekana.

"Uliitoa wapi?"

Mwenyekiti akarudi nyuma hatua moja.

Fundi akaulaza mpini juu ya vidole viwili kupima uzito wake. Uso wa fimbo ukageuka taratibu, ukatulia ukitazama mbinguni. Ya mtu wa droo. Iliyotengenezwa kwa mkono mmoja tu duniani.

"Wewe ni mlango," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Kwa fimbo hii huwezi kutia mpira hata wa hatua tatu. Makombe sita umeyapataje?"

Mwenyekiti akanong'ona:

"Sikuwa nasukuma mimi."

"Nani, basi?"

"Mimi nilikuwa naishika tu... Mganga alikuwa ameshaniambia, mtumishi wangu akifa nikimfunga kabla hajapoa, ataendelea kunitumikia. Nilibaki naye peke yangu, mvua inanyesha. Nikaitoa mkononi mwake." Akafuta kamasi kwa mkono wa shati. "Mwezi huu amegoma. Ananibana vidole. Nikiiacha kabatini, asubuhi naikuta kitandani, ubavuni mwangu, imelowa. Nichagulie nyingine, Fundi. Nakuomba. Nichagulie nyingine."

Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuomba.

"Ulimbebesha mkoba akiwa hai," Fundi alisema. "Ukambebesha akiwa maiti."

Fundo lile la miaka tisa likapanda. Akatoa kisu cha kazi mfukoni, akachana raba ya mshikio toka juu hadi chini.

"Usifungue! Mganga alisema mtu wa damu yake asiiguse!"

Chini ya mshikio palizungushwa kipande cha kitambaa, mafundo saba. Kimelowa. Maji yalikuwa yanadondoka, kana kwamba kimetoka mvuani sasa hivi. Fundi akakata fundo moja moja.

La saba lilipokatika, alisema, "Baba. Toka."

Upepo ukakatika.

"Naam."

Sauti ilitoka shimoni. Ya karibu, ya chini... kama mtu aliyelala chali chini ya nyasi, mdomo wake umegusa mizizi.

Nyasi zikabonyea. Unyayo mmoja. Wa pili. Mtu wa miguu mitupu, asiyeonekana, anatembea polepole. Alimpita Fundi, na baridi yake ikampiga shavuni. Akaenda kwa Mwenyekiti.

Fimbo ikamchomoka Fundi mkononi.

Mwenyekiti akaidaka. Au fimbo ndiyo iliyomdaka yeye, Fundi hakuona vizuri. Aliona vidole tu vikijifunga mpinini, kimoja kimoja, na mifupa ikilia. Kisha mikono ikaanza kusukuma. Hapakuwa na mpira. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Moja kwa moja, kama droo.

"Mwambie aniachie!" Mwenyekiti alipiga kelele. "Ni baba yako, atakusikia! Fundi! Mwanangu! Mwambie!"

Mwanangu. Miaka tisa, leo ndiyo anaitwa mwanangu.

Neno moja lingetosha. Fundi alilihisi ulimini, tayari. Akalikumbuka godoro la mama yake barabarani, mvua ikilinyeshea. Akafunga mdomo.

Aliokota fimbo zake nne.

"Umeniita nikuchagulie," alisema. "Nimekuchagulia. Cheza."

Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Asubuhi walinzi walimkuta Mwenyekiti kwenye shimo la saba, bado anasukuma. Viganja vilikuwa vimechunika hadi mfupa. Hospitali walikata mpini kwa msumeno, juu na chini ya ngumi zake, kwa sababu vidole havikufunguka, na hadi leo havijafunguka. Lakini mdomo ulifunguka. Mbele ya kamati alisema yote: radi, uongo wa pombe, wizi. Kamati ikamwandikia mama barua ya kumtaka radhi.

Alasiri ya siku ilipoandikwa, Fundi akaipeleka mwenyewe. Mama yake alikuwa dirishani anashona vifungo. Fundi akasoma barua kwa sauti, halafu akasimulia kila kitu, bila kuficha, hata lile neno alilolimeza. Alitarajia mama atalia. Au atacheka. Yeye mwenyewe alitarajia fundo litakuwa limeshuka, na halikushuka. Lilikuwa limekua.

Mama aliweka sindano chini.

"Mwanangu, baba yako hakufungwa popote."

"Mama, nimeona kwa macho yangu."

"Siku ya tatu baada ya mazishi alikuja kuniaga. Alisimama pale mlangoni, mkavu, anatabasamu. Akaniambia ameshapumzika, na kwamba yeye amemsamehe huyo bwana wake. Sikuwaambia, mngesema nimechanganyikiwa." Akamtazama binti yake muda mrefu. "Mganga alimfunga mtu, sikatai. Ila si mume wangu. Wewe ulimwitaje?"

"Nilimwita Baba."

"Akaitika?"

Fundi aliikunja barua.

"Akaitika."

Mama aliinuka. Akafunga dirisha, akateremsha komeo la mlango, ingawa jua lilikuwa bado linawaka nje.

"Basi usimwite tena," alinong'ona. "Na hiyo hasira, mwanangu, itulize. Anaisikia."